Feni ya Umeme kwenye Gari la Zamani: Kazi Safi Hutambulika kwa Waya

Gari la zamani likishafungwa feni ya umeme, wengi hufungua boneti, huiona inazunguka, wakaridhika. Mjuzi haanzi hapo. Yeye hufuata waya kutoka kwenye betri, maana kazi hii huharibikia kwenye umeme zaidi kuliko kwenye upepo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Feni ya kawaida hula ampea 10 hadi 20, na inapoanza kuzunguka hula zaidi. MGB, gari la Uingereza lililoanza kutengenezwa mwaka 1962, lilikuja na dainamo ya Lucas yenye uwezo wa ampea 22 tu, tena injini ikiwa kwenye mwendo. Foleni ya usiku, taa zimewashwa, wipa zinapangusa mvua: hapo dainamo haitoi karibu chochote, na feni inaimaliza betri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukubwa wa feni, fundi aulizwe gari linachajiwa na nini. Kama bado lina dainamo, alteneta itangulie.

Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo yalikuwa na ncha chanya ya betri iliyoungwa kwenye bodi. MGB ilibadilishwa mwishoni mwa 1967. Fundi asiyelijua hilo huunga feni ikazunguka kinyume, ikavuma kwa nguvu huku injini inachemsha. Karatasi nyepesi ikisogezwa mbele ya rejeta inapaswa kuvutwa na kunata. Ikipeperushwa mbali, waya zimepishana.

Waya mzuri wa feni ni mnene, milimita 4 za mraba hivi, na una fyuzi karibu na betri. Mkondo mkubwa hupita kwenye rilei. Swichi ya joto hubeba ule mdogo tu wa kuiamsha. Feni ikishafanya kazi dakika 10, shika waya kwa vidole. Ukiwa wa moto, ni mwembamba. Viungo vya kusokota na kuzungushia tepu vikataliwe palepale, hata kama vimefichwa vizuri nyuma ya taa.

Halafu ufungaji. Kuna mafundi wanaopitisha vishikizo vya plastiki katikati ya mapezi ya rejeta. Ni rahisi, ni haraka, na ni vibaya: kwenye barabara ya makorongo feni hucheza, vishikizo husugua mirija, na tundu la kwanza huonekana kama ukungu wa kijani kwenye shaba. Fundi makini hutengeneza mabano ya chuma yanayoshika fremu ya pembeni. Feni huiweka nyuma ya rejeta ivute, kwa kuwa ikikaa mbele huzuia upepo gari likiwa kasi. Akiongeza na kava la kukusanya hewa ya rejeta nzima, huyo anastahili malipo yake.

Swichi ya joto iwe imekazwa kwenye rejeta yenyewe. Ile ya kuchomekwa kwenye mpira wa juu huvujisha maji pembeni. Themostati ikifungua kwa nyuzi 82, feni iwake karibu 92 na kukata kwenye 87. Ikiwekwa chini ya hapo, haitapumzika.

Wako pia wasiohitaji kazi hii kabisa. Peugeot 404, ambayo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967, ilitoka kiwandani na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme: injini ikipoa huachiwa, ikipata joto hushikwa tena. Peugeot walikuwa wameshalitatua tatizo kwa ustadi ambao feni nyingi za dukani haziufikii. Mwenye 404 ambayo mfumo huo bado mzima asikubali fundi yeyote auguse; asafishe rejeta, abadilishe mkanda, aendeshe.