Mlio wa Karabai

Fundi wa karabai ninayemjua hapa Mbita, kando ya ziwa, hakuulizi taa yako ina shida gani. Anaitikisa kando ya sikio apate kujua mafuta yaliyobaki, kisha anasukuma pampu mara moja, taratibu, amefumba macho. Pampu ikishuka laini bila kugoma, keshajua pa kuanzia. Ngozi imekauka.

Ndani ya pampu mna kikombe cha ngozi, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Ndicho kinachozuia hewa isirudi nyuma unaposukuma. Kikikauka kinanywea, hewa inapita pembeni, na unaweza kupiga pampu mara mia tangi lisijue kama umekuja. Wengi hukimbilia dukani kununua kingine. Yeye anakitoa, anakidondoshea mafuta matone mawili, anakikanda kwa vidole mpaka kilegee, kisha anaanza kupanua kingo zake huku akikizungusha, polepole, kama mama anayefungua kiganja cha mtoto aliyelala na kitu mkononi. Kinachukua dakika kumi, na katika dakika hizo usimsemeshe. Kikirudi ndani, pampu inagoma tangu msukumo wa kwanza, naye anatabasamu peke yake.

Halafu tangi linatumbukizwa kwenye beseni la maji. Tunatazama. Kiputo kimoja kinapanda kando ya kifuniko, kingine kinafuata baada ya muda mrefu. Mimi ningesema hicho si kitu. Kwa mvuvi wa omena ni kitu, kwa sababu taa itakaa juu ya chelezo usiku kucha, mbali na mtumbwi, na hakuna atakayepiga makasia saa nane ya usiku kwenda kuipiga pampu. Omena hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Giza ndilo mtaji, na taa inayofifia kabla ya alfajiri imekula usiku wa watu wanne.

Hata hivyo, anapotulia kweli ni kwenye nozeli. Kwenye karabai mafuta ya taa hayawaki yakiwa majimaji. Yanasukumwa na hewa ya tangi, yanapanda kwenye bomba lililopata moto, yanageuka mvuke, na mvuke huo unatokea kwenye tundu linaloweza kupitisha unywele na kubakiza nafasi kidogo tu. Mvuke ukifyatuka hapo unabeba hewa ya nje, vinachanganyika, vinaenda kuwaka ndani ya kile kifuko cheupe cha kitambaa. Sindano nyembamba inapita katikati ya tundu kulisafisha kila unapozungusha gurudumu la pembeni.

Nilipokuwa kijana niliwahi kuizibua taa ya nyumbani kwa waya wa breki ya baiskeli. Iliwaka vizuri sana jioni ile. Baada ya siku tatu ilikuwa inatema moto wa manjano na kutupaka masizi sote, kwa sababu tundu lilikuwa limepanuka, na shaba ikishapanuka hairudi. Nilipomsimulia fundi hakucheka. "Omera," alisema, "hapo pa kugusa kidogo, wewe ulishika shoka." Kisha akanionyesha anavyofanya. Sindano yenyewe, mara moja, mara mbili, basi. Nozeli iliyokwisha kuharibika haikarabati. Anaitupa kwenye kopo, na kopo limejaa.

Kuna pengo kati ya nozeli na mdomo wa bomba la kuchanganyia hewa. Kwenye Petromax, taa iliyoanza kutengenezwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, pengo hilo ni milimita 14, na spana inayokuja na taa imekatwa makusudi ili ulipime kwayo. Fundi anapima kwa spana, anakaza, halafu anawasha na kusikiliza. Pengo likikosewa upande mmoja mwali unakuwa wa manjano. Likikosewa upande mwingine, taa inavuma sana na kung'aa kidogo, kama mwanasiasa. Anazima, anasubiri ipoe, anazungusha bomba robo ya mzunguko, pengine pungufu ya robo, anawasha tena. Niliona akifanya hivyo mara tano kwa taa moja, na mara ya nne mimi nilikuwa nimeshakubali kuwa imepona.

Kazi imepungua. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua hapa Mbita kituo cha kukodisha na kuchaji taa za betri kwa nguvu za jua, na tangu hapo taa za betri zimezagaa ziwani. Mimi siwalaumu wavuvi. Mafuta ya taa ni ghali, yanaunguza, na yakimwagika yanaingia majini tunamoteka. Fundi mwenyewe ana taa ya betri juu ya mlango wa kibanda chake.

Jioni moja nikiwa kibandani kwake, kilikuwa kimebaki kifuko tu. Ukikiwasha mara ya kwanza kitambaa chenyewe kinaungua, kinachobaki ni jivu la madini lililoshikilia umbo la kitambaa, na jivu hilo ndilo linalong'aa. Mbinu hiyo ni ya Carl Auer von Welsbach wa Austria, tangu 1885. Jivu hilo ukiligusa tu, linavunjika. Kwa hiyo fundi akishamaliza kujaribu taa anakivunja kifuko alichojaribia, uso ameugeuza pembeni asivute vumbi, kisha anampa mvuvi kingine kikiwa bado kwenye pakiti.

"Utakifunga ukifika kwenye chelezo," alimwambia kijana wa Rusinga aliyekuja kuchukua taa yake. "Barabara hii na bodaboda havikiwezi."

Kijana aliitia pakiti mfukoni mwa shati, akaifunga taa kwa koti lake, akapanda nyuma ya pikipiki akiwa ameipakata.