Uhuru Wenye Kipimo: Nazik al-Malaika na Utata wa Istilahi ya Shairi Huru

Utangulizi

Katika historia ya ushairi wa Kiarabu wa karne ya 20, Nazik al-Malaika (1923–2007) hutajwa kwa sifa mbili zinazoonekana kupingana. Ndiye mshairi wa Iraki aliyevunja umbo la kale mwaka 1947. Ndiye pia mhakiki aliyewawekea watunzi wa shairi huru sheria kali mwaka 1962. Tofauti hiyo imezoeleka kuelezwa kwa umri: mwanamapinduzi wa ujanani aligeuka mhafidhina. Makala haya yanaipinga tafsiri hiyo. Yanajenga hoja kwamba uhuru alioutafuta al-Malaika tangu mwanzo ulikuwa uhuru wa urefu wa mstari, wala haukuwa uhuru wa kuacha kipimo. Hoja hiyo inauhusu pia uhakiki wa Kiswahili, ambamo neno hilohilo, huru, limebeba maana nyingine.

Malezi ya sikio

Al-Malaika alizaliwa Baghdad katika nyumba ya ushairi. Baba yake, Sadiq, alikuwa mwalimu wa lugha ya Kiarabu. Mama yake, Salma Abd al-Razzaq, alitunga kwa umbo la kale na kujulikana kama Umm Nizar. Mwaka 1944 alihitimu katika Chuo cha Juu cha Ualimu cha Baghdad, na alijifunza pia kupiga udi katika Taasisi ya Sanaa. Baadaye alisoma fasihi linganishi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Wasifu huu hutumiwa zaidi kuonyesha athari ya ushairi wa Kiingereza kwake. Hata hivyo, nahau aliyoirithi kwa baba, arudhi aliyoisikia kwa mama na muziki wa udi ni mambo matatu yenye msingi mmoja: sikio lililozoea kuhesabu. Diwani yake ya kwanza, Ashiqat al-Layl (1947), imo ndani ya mapokeo hayo.

Umbo la mwaka 1947

Mwaka huo kipindupindu kiliua watu wengi nchini Misri. Kwa maelezo yake mwenyewe, al-Malaika alijaribu kuueleza msiba huo kwa umbo la kale akashindwa kuridhika, hadi alipotunga “al-Kulira” katika bahari ya khabab, akikusudia kuisawiri miguu ya farasi wavutao mikokoteni ya maiti.

Umuhimu wa kiufundi wa tukio hilo unahitaji ufafanuzi. Beti ya Kiarabu ya kale ni mstari mmoja wenye nusu mbili, na kila nusu ina idadi maalumu ya taf’ila, yaani kipande cha mapigo kinachopangwa kwa silabi ndefu na fupi. Bahari ya kamil iliyo timilifu, kwa mfano, hurudia taf’ila ya mutafa’ilun mara tatu katika kila nusu, na kina kimoja hufunga beti zote. Al-Malaika aliondoa nusu mbili na idadi maalumu: mstari mmoja waweza kuwa na taf’ila moja, unaofuata tatu, mwingine mbili. Taf’ila yenyewe haikuguswa. Katika “al-Kulira” mstari hurefuka na kukatika kama pumzi ya mwombolezaji, lakini kwato hazisimami.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii limo katika dibaji ya diwani yake ya pili, Shazaya wa Ramad (1949). Humo anaanza kwa kauli ya Bernard Shaw inayokana kuwapo kwa kanuni, kisha anailaumu lugha iliyochakaa kwa kurudiwarudiwa. Akisomwa hapo tu, ni mwanamapinduzi asiye na breki. Hata hivyo, anapoacha kutangaza na kuanza kuthibitisha, mifano yake huhesabu taf’ila. Kinachokanwa ni ulazima wa kujaza mstari kwa maneno yasiyohitajika ili idadi itimie.

Sheria za mwaka 1962

Kwa mtazamo huo, kitabu chake Qadaya al-Shi’r al-Mu’asir (1962) hakiisaliti dibaji ya 1949. Kinaeleza kwamba shairi huru linawezekana katika bahari 8 tu kati ya 16, kwa kuwa bahari zinazopishanisha taf’ila tofauti, kama tawil, haziruhusu mstari kurefushwa kwa taf’ila mojamoja. Hiyo ni hoja ya kimantiki inayotokana na umbo lenyewe. Kwa msingi huohuo alilikataa shairi la nathari lililotetewa na kundi la jarida la Shi’r la Beirut: pasipo taf’ila, kwake hapakuwa na shairi.

Udhaifu wake uko kwingine. Yeye mwenyewe aliingiza katika khabab taf’ila ambayo wanaarudhi hawakuikubali, akajitetea kwamba sikio lake liliipokea. Lakini wengine walipodai haki hiyohiyo, aliwanyima. Kama sikio ndilo hakimu, haliwezi kuwa la mtu mmoja. Hapo ndipo wapinzani wake, akiwamo Muhammad al-Nuwayhi, walipopata nguvu.

Istilahi zilizosafiri

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuufuatilia mjadala huu kwa tahadhari. Bahari, beti, mizani na huru ni maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini maana zake hazikusafiri zikiwa kamili. Bahari ya Kiarabu ni mpangilio wa mapigo. Ya Kiswahili ni aina ya utungo. Beti ya Kiarabu ni mstari. Ya Kiswahili ni kifungu cha mishororo. Mizani ya Kiswahili huhesabu silabi bila kujali urefu wake, kama zilivyo nane kwa nane katika shairi la mishororo ya 16 ambalo Kaluta Amri Abedi aliliwekea sheria mwaka 1954. Vivyo hivyo, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi (1974), aliacha vina na mizani kwa pamoja. Kwa kipimo cha al-Malaika, hatua hiyo ingekaribia zaidi shairi la nathari alilolipinga. Kwa hiyo, anayemtaja al-Malaika kutetea mashairi ya Kezilahabi, au kuwalaumu wanamapokeo, anamwita shahidi asiye wa upande wake.

Hitimisho

Al-Malaika aliondoka Iraki mwaka 1970, akafundisha Kuwait, na hatimaye akafia Cairo mwaka 2007. Katika toleo la baadaye la kitabu chake alikiri kwamba yalikuwapo majaribio ya shairi huru kabla ya “al-Kulira”. Ukiri huo unapunguza uzito wa swali la nani alitangulia. Lililobaki ni swali aliloliuliza kwa ukali kuliko wenzake: shairi likiacha kipimo cha zamani, litapimwa kwa nini? Ushairi huru wa Kiswahili hauhitaji kulijibu kama alivyolijibu yeye. Unahitaji kulijibu.