Mita Mbili za Kwanza za Korido

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kama zile za Mji Mpya na Mwembesongo hapa Morogoro Mjini, ina korido moja inayopita katikati: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, mlango wa mbele ukitazamana na mlango wa uani. Ramani hiyo ni ya pwani, na utaikuta pia Tabora na Ujiji. Wakazi wake wana lalamiko moja, kwamba korido ni nyembamba. Ukivuka kizingiti tu unapokewa na lundo la ndala, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, madumu, mwavuli unaochuruzika maji, na pikipiki ya mpangaji wa chumba cha pili.

Mimi sikubali kwamba korido ni nyembamba kiasi hicho. Tunaipima upana wa sakafu tu, tunasahau kwamba ina kimo, na kwamba mahitaji ya nafasi hubadilika kadiri unavyopanda kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi juu ya kichwa.

Tuchukue korido ya sentimita 150 yenye mlango wa sentimita 90 uliowekwa katikati. Mtu mzima aliyebeba ndoo mkononi anataka nafasi ya sentimita 80 hadi 90, lakini anaitaka kuanzia magotini hadi mabegani. Chini ya hapo, miguu yake haitumii hata nusu ya upana huo. Juu ya kichwa haitumii kabisa. Kwa hiyo kuna kanda mbili zisizodaiwa na mpita njia: moja ya chini, isiyozidi sentimita 25 kutoka sakafuni, na nyingine inayoanzia kama mita 2 kwenda juu. Kosa la wengi ni kuweka kabati la viatu lenye kimo cha kiuno, yaani kuziba ile kanda ya kati ambayo mwili unaihitaji, kisha kulaumu ukuta.

Sasa angalia mlango wenyewe. Ukifunguka kwa ndani kwa pembe ya mraba, unasimama sambamba na ukuta, sentimita 30 mbali nao. Nyuma yake panabaki mfuko wa nafasi wenye urefu wa sentimita 90 na kina cha 30, ambao baada ya kutoa fremu na kitasa unabaki kama 25. Hapo hapiti mtu. Ndipo mahali pa viatu. Kiatu cha mtu mzima kina urefu unaokaribia sentimita 30, kwa hiyo kikilazwa bapa hakitoshi. Rafu iwekwe kwa kuinama, visigino juu na vidole chini, nacho kitaenea kwenye kina cha sentimita 20 hadi 22. Nyuma ya mlango unaweza kupandisha rafu hizo hadi kifuani, maana kanda ya kati ya eneo hilo haina mtumiaji. Sharti ni kizuizi cha sakafuni kinachouzuia mlango usipite pembe ya mraba, la sivyo wiki ya kwanza tu rafu zitakuwa zimevunjwa.

Maseremala wa zamani waliijua hesabu hii kwa njia yao. Milango ya nakshi ya Lamu na Zanzibar ni ya vipande viwili vinavyokutana kwenye mfaa, ule ubao wa katikati, na kila kipande kinapofunguka kinaingia ndani nusu tu ya umbali ambao mlango wa kipande kimoja ungeingia. Tulipouacha mlango huo tukaweka wa chuma wa kipande kimoja, tulipata usalama, lakini tukapoteza sehemu ya korido. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea wa chuma wenye vipande viwili. Ni suala la kumwambia mapema, kabla hajakata vyuma.

Kanda ya juu ni ya vitu visivyoguswa kila siku: mabegi ya safari, mikeka ya wageni, masufuria ya shughuli. Rafu ivuke kutoka ukuta hadi ukuta kama daraja, ishikwe pande zote mbili. Usiiweke juu ya mlango wa mbele iwapo pana tundu la hewa au nakshi ya kupitisha mwanga, kwa sababu korido hii haina dirisha lingine. Isogeze ndani, mita moja na nusu hivi. Na popote utakapoweka kitu, acha wazi mita ya LUKU na swichi kuu. Nimeona nyumba ambako mtu hawezi kuingiza namba za umeme mpaka kwanza ahamishe makoti ya watu watatu.

Hewa ndiyo inayonifanya nipinge wazo la kujenga kiukuta cha kuficha uani. Sababu ya wanaotaka kiukuta naielewa: mlango wa mbele ukiwa wazi, apitaye barabarani anaona jikoni. Lamu walilitatua hilo kwa kujenga. Nje ya nyumba zao za mawe kuna daka, kibaraza kilichofunikwa chenye viti vya mawe pande mbili. Ukipita mlango unaingia tekani, na njia inapinda kabla ya kufika uwanja wa ndani, hivyo jicho la mtaani linaishia ukutani. Lakini nyumba ya Lamu inavuta hewa kutoka juu, kwenye uwanja ulio wazi. Nyumba yetu inavuta kwa milango miwili iliyonyooka, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Uluguru jioni unapita humo humo. Kiukuta kitaukata. Pazia la kanga katikati ya korido linazuia macho na kuruhusu upepo, na linafuliwa.

Kuna jambo ambalo haliwezi kumalizwa ndani hata ukiwa na mita tatu za upana, nalo ni tope. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa miteremko unafika mlangoni pamoja na kila mwenye miguu. Kazi hii ni ya baraza. Ile benchi ya saruji iliyojengwa kwenye ukuta wa mbele, chini ya upenu, ndipo mahali pa mtu kukaa, kuvua buti na kukung'uta mwavuli. Ikiwa upenu ni mfupi, bati moja la kuongezea litasaidia kuliko kabati lolote la ndani. Chini ya benchi, kama ina uwazi, buti hukaa mchana. Sakafu ya baraza iteremke kidogo kuelekea nje, na ukiweka marumaru chagua zenye mkwaruzo. Zile zinazong'aa zikilowa ni hatari kwa wazee.

Kuhusu vifaa: mbao za paina kutoka Sao Hill zinafaa kwa rafu, lakini mchwa wa hapa hawahitaji kualikwa, kwa hiyo mbao isiguse sakafu. Itundike ukutani au iweke juu ya miguu ya chuma. Mtiki wa Mtibwa unawastahimili zaidi, ukiwa na uwezo. Kama ukuta ni wa matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo, toboa kwenye tofali lenyewe, si kwenye kiungo. Kiungo cha udongo kitaachia skrubu mara uzito ukizidi.

Pikipiki ni mgogoro mwingine. Usukani una upana wa karibu sentimita 80, kimo cha mita moja hivi, hasa katika ile kanda ambayo watu wanaihitaji. Tena pikipiki ina petroli, na korido ndiyo njia ya kutokea vyumba vyote sita moto ukitokea usiku. Rafu haiwezi kurekebisha hilo. Mahali pake ni uani, na ikibidi ua utobolewe geti.

Kwenye nyumba mpya za Kihonda, hapa hapa Morogoro, tatizo limegeuka: korido hakuna, mlango unafungukia sebuleni, na viatu vinakutana na sofa. Hesabu ya mfuko wa nyuma ya mlango inafanya kazi huko pia, iwapo bawaba zimewekwa upande wa ukuta na si upande wa wageni.

Kabla ya kumwita fundi, pima vitu vitatu: upana wa korido, upana wa mlango, na umbali kutoka fremu hadi ukuta wa pembeni. Na kama wewe ni mpangaji, ongea kwanza na mwenye nyumba na wenzako wa vyumba vingine, maana korido hiyo ni ya wote.