Désiré na Didier: Asili Moja, Maana Mbili

Vitabu vinavyofasiri majina ya watu vina desturi moja ambayo haina budi kuhakikiwa. Kila jina hupewa maana moja, na mambo yakaishia hapo. Mbele ya Didier huandikwa «aliyetamaniwa»; mbele ya Désiré huandikwa neno lilo hilo. Ni kweli kwamba asili ni moja, yaani kitenzi cha Kilatini desiderare, kilichozaa Desiderius na Desideratus. Lakini asili si maana.

Mfaransa asikiapo Désiré hulisikia tendo ndani yake, kwa kuwa kitenzi désirer kingali kinatumika kila siku. Didier, lililotokana na Desiderius, limechakazwa na karne nyingi za matamshi hata halimwambii kitu. Jina la mji wa Saint-Dizier nalo ni bubu vile vile. Kwa Waitalia mambo ni kinyume: Desiderio ni jina la mtu, na papo hapo ni nomino ya kawaida yenye maana ya hamu. Wahungaria wanalo Dezső, kama alivyoitwa mshairi Kosztolányi, na humo Kilatini hakisikiki tena. Erasmus wa Rotterdam, aliyefariki mwaka 1536, alijiongezea Desiderius akijua kwamba Erasmus lenyewe lina maana iyo hiyo kwa Kigiriki. Mtaalamu huyo alivaa kanzu mbili za kitambaa kimoja!

Kosa la pili la vitabu hivyo limo katika tafsiri. Desiderare ni kumwonea hamu asiyekuwapo. «Kutamani» kwa Kiswahili kumeingiliwa na uchu, na katika Amri Kumi ni jambo lililokatazwa. Mtoto aitwaye Désiré ni mtoto aliyengojewa, pengine baada ya miaka mingi ya ndoa isiyo na uzazi. «Aliyetamaniwa» ni tafsiri inayomvunjia heshima.

Katika Kongo suala hili halikuwa la vitabu tu. Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu aliyatupa majina yake ya ubatizo, akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wakaamriwa kufanya vivyo hivyo kwa jina la «uhalisi». Hoja ilikuwa kwamba jina la kigeni hubeba ugeni wake daima. Hoja hiyo haisimami. Baraka limetoka katika Kiarabu na Bahati katika Kiajemi, lakini hakuna mzazi wa Bukavu au Kisangani anayeyaona kuwa mageni, maana maneno hayo yamo vinywani mwake asubuhi na jioni. Kinachoamua ni uhai wa neno katika lugha ya anayeita, wala si bandari lilikotokea. Kwa kipimo hicho, Didier ni geni hata Paris, ilhali Désiré lina maana timamu kwa kila Mkongo ajuaye Kifaransa. Amri ya 1972 iliyatupa yote mawili katika kapu moja, kama vitabu vinavyoyafasiri kwa neno moja.

Mwezi wa Mei 1997 Mobutu aliondolewa madarakani. Aliyekikalia kiti chake, mzungumzaji wa Kiswahili, aliitwa Laurent-Désiré Kabila.