Rasilimali ya Nchi Hupimwaje?

Atakaye kujua jumla ya rasilimali ya nchi, yaani viwanda, mitambo, reli, bandari na majumba yaliyojengwa ili yazalishe mali, hana mizani ya kuvipimia vyote pamoja, kwa kuwa vilijengwa katika zama mbalimbali na kwa bei zisizolingana, na vingi havijapata kuuzwa hata thamani yake ijulikane sokoni. Raymond Goldsmith, katika makala yake ya mwaka 1951 juu ya utajiri wa taifa, aliacha kuhesabu vitu vyenyewe akashika daftari la matumizi: uwekezaji wa kila mwaka aliugeuza kwa bei za mwaka mmoja, ili kupanda kwa bei kusimhadae, akaujumlisha juu ya rasilimali iliyotangulia, kisha akatoa fungu la uchakavu.

Mwanzo ndio wenye taabu. Daftari za nchi nyingi hazirudi nyuma sana, kwa hiyo wahesabuji aghalabu hukisia rasilimali ya mwaka wa kwanza kwa kuugawanya uwekezaji kwa jumla ya viwango vya ukuaji na uchakavu: uwekezaji ukiwa shilingi milioni 90, ukuaji asilimia 4 na uchakavu asilimia 5, jawabu ni milioni 1,000. Kisio likikosewa si msiba, kwani kosa nalo huchakaa, na baada ya miaka 30 husalia takriban sehemu moja ya tano.

Joan Robinson aliuliza, tangu miaka ya 1950, mtaji unapimwa kwa kipimo gani, ilhali bei ya mtambo yenyewe hutegemea kiwango cha faida. Swali zito, lakini kwa nchi zetu naliona zito zaidi lile la Lant Pritchett, aliyesema kwamba fedha iliyotumika si lazima iwe mtaji. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kwa tamaa ya kuuza Ulaya, hakikupata kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake. Katika daftari la namna ya Goldsmith kiwanda kama hicho huingia kwa gharama yake yote, na baada ya miaka 10 bado husomeka takriban asilimia 60. Naye mchumi agawanyaye pato kwa rasilimali hiyo, akiona jawabu dogo, huwashutumu wafanyakazi kwa uduni wa ufundi, wala hashuku kwamba sehemu ya kile alichogawanyia haikuwa mtaji asilani.