Sauti Katika Michezo ya Kuigiza, Kutoka Gitega Hadi Muyinga

Atokaye Gitega, mji uliotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwezi Desemba 2018, akaishika njia ya Karusi hata akafika Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, hupita katika nchi moja isikilizayo kwa namna mbili. Gitega ni Kirundi sokoni na kanisani, na Kifaransa maofisini. Muyinga, kwa sababu ya malori yapitayo forodha ya Kobero, na kwa sababu ya jamaa wa Kiislamu waliokaa humo tangu zamani, Kiswahili nacho kina nafasi yake barazani, wala hakikaribishwi kama mgeni. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa mpita njia, walakini ina maana kubwa kwa mtu atakaye kujua jinsi tamthilia na vichekesho vinavyopendwa huko vilivyotengenezwa. Kwani mwanga, mkao wa kamera na ukataji wa picha, ambavyo wachambuzi wa filamu huvishughulikia kwanza, hapa huja nyuma ya jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa: ni nani asemaye, asema lini, na msikilizaji amejuaje kuwa ni yeye.

Sababu yake si fumbo. Televisheni ya taifa ilianza Burundi mwaka 1984, na hata baada ya hapo kwa miaka mingi seti yake ilibaki kuwa mali ya wachache wa mjini, ilhali redio ilikuwa imekwisha kupanda milima yote na kuingia katika rugo nyingi, yaani maboma ya familia. Madrasa ya waandishi wetu wa michezo ikawa redio, na *Ninde*, mchezo wa redio ya taifa, ukawa ndiyo juzuu yao ya kwanza. Humo ndimo lilimojulikana jina la Marie-Louise Sibazuri, mwandishi wa tamthilia ambaye, kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, amewafundisha Warundi kusikiliza hadithi kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake.

Mwaka 1995, nchi ikiwa ndani ya vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Bujumbura studio ya redio iitwayo Ijambo. Na mwaka 1997 studio hiyo ikaanza kutoa mchezo wa mfululizo ulioandikwa na Sibazuri, jina lake *Umubanyi niwe muryango*. Kisa chake chasemeka kwa maneno machache: familia mbili majirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi, zaishi ua kwa ua katika wakati ambao jirani alikuwa amekuwa jambo la hofu. Mchezo huo ukaendelea hata ukapita sehemu 800. Si rahisi kuitunga hadithi ya watu wale wale mara mia nane bila msikilizaji kuchoka, wala mwandishi kukauka, na hapo ndipo ufundi unapostahili kutazamwa kwa karibu.

Mwandishi wa redio hana uso wa kuonyesha, hana nguo, hana mlango. Kila alichonyimwa na macho lazima akikope kwa maneno, na akikope kwa siri, maana msikilizaji akigundua kuwa anaelezwa, mchezo umekwisha kuwa hotuba. Na nitunge mfano wangu mwenyewe ili jambo hili lionekane. Mwanamke afika kwa jirani yake jioni. Mwandishi asiye na uzoefu atamtia mtambaji aseme kwamba ilikuwa jioni, na kwamba mama fulani alikuwa amejifungia ndani kwa hofu. Mwenye uzoefu ataweka mbisho wa mkono juu ya bati, kisha sauti: "Mama Ndayi, hodi! Mbona umeufunga mlango na ng'ombe bado hawajarudi?" Katika maneno hayo machache jina limetajwa, kwa namna ambayo wanawake wa huko huitana kweli, yaani kwa jina la mtoto, saa imejulikana, kwa kuwa kurudi kwa ng'ombe ni saa, mlango umeonekana, na hofu imeingia bila kutajwa, kwa sababu mtu hafungi mlango ng'ombe wakiwa nje ila ana jambo. Kisha mwandishi aacha kimya cha pumzi moja kabla ya jibu. Kimya hicho ndicho kigumu kuliko yote, maana redioni kimya kikizidi kidogo msikilizaji hudhani betri zimekwisha.

Liko jambo jingine ndani ya mchezo huo ambalo naona halijasifiwa vya kutosha. Warundi, Wahutu kwa Watutsi, husema Kirundi kimoja, hufuata desturi moja, hushiriki majina mengi. Na tangu utawala wa Wajerumani na Wabelgiji walifundishwa kutafutana katika sura, katika urefu wa pua na wa kimo. Redio haina pua. Msikilizaji aliyekosa sehemu za mwanzo, akafungua redio yake mezani Gitega katikati ya ugomvi wa majirani, hakuwa na njia ya kumjua asemaye ni wa upande gani ila aambiwe. Na mwandishi asipomwambia, yeye alilazimika kwanza kuona nani ana haki, kisha, labda, nani ni nani. Lau mchezo ule ule ungalitengenezwa kwa picha, nusu ya nguvu yake ingalipotea siku ya kuchagua waigizaji.

Mtu asidhani kuwa filamu ilikuja baada ya mchezo huo. Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, *Gito l'ingrat*, ilitoka mwaka 1992, kabla ya mauaji ya Ndadaye, na mtengenezaji wake, Léonce Ngabo, alikuwa amekwisha kujulikana kwa muziki kabla ya kushika kamera; jambo ambalo kwa hakika husikika. Ni kichekesho. Gito, mwanafunzi aliyesoma Paris, arudi kwao na shahada mkononi akidhani uwaziri wamngoja, amemwacha Ufaransa mchumba wake Christine kwa ahadi ya kumwita, kazi haipatikani, arejea kwa Flora, mpenzi wake wa zamani, kisha Christine atokea. Hadi hapo ni kisa ambacho hata babu zetu wangekikamilisha wenyewe. Ufundi u katika mzunguko wa pili, pale wanawake wawili ambao kwa desturi ya vichekesho hivi wangepigana mwereka, wanapopatana na kuungana wamkomeshe yeye.

Kichekesho cha namna hii hutegemea hesabu moja: hadhira ijue zaidi ya mhusika, wala isijue yote. Sisi twajua kuwa Flora yupo kabla Christine hajajua. Twajua kuwa wamepatana kabla Gito hajajua. Na kila tunapopanda daraja moja la ujuzi, yeye hubaki chini akiendelea kusema kwa majivuno yale yale. Na majivuno yake ni ya sauti kwanza. Filamu imetumia Kifaransa na Kirundi, na Mrundi asikilizaye hupima cheo, elimu, unafiki na mapenzi kwa kusikia tu mtu amechagua lugha ipi mbele ya nani; mgeni asomaye maandishi yaliyo chini ya picha hukosa kipimo hicho, kwani kwake yote yameandikwa kwa lugha moja. Ndiyo sababu nawashauri waionyeshao filamu hii kwa vijana wa Gitega wasione haya kuizima katikati na kuuliza: kwa nini hapa amebadili lugha?

Juu ya filamu za Tanzania zilizoingia Muyinga kwa njia ya Kobero sitasema mengi. Mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, alipendwa Burundi, Rwanda na Kongo kama alivyopendwa kwao, na nyingi kati ya filamu za zama zake zilijengwa kwa mazungumzo marefu sebuleni, watu wamekaa juu ya makochi, kamera ikihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wakosoaji waliuita mtindo huo uvivu, na mara nyingine ulikuwa uvivu kweli. Lakini kwa mtu wa Muyinga aliyejifunza kusikiliza mchezo kwa redio, sebule ile haikuwa na upungufu wowote. Mchekeshaji King Majuto wa Tanga, aliyetutoka mwaka 2018, hakuhitaji hata makochi: mzaha wake ulikuwa katika kukawia kwa jibu na katika Kiswahili cha pwani kilichokuwa kikijisikiliza chenyewe.

Tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti za Kiswahili zina taabu yake. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina, *Doudou na Mama Wakwe Zake*, iliyofasiriwa na Redio ya Kimataifa ya China. Midomo ya Wachina ilikuwa imekwisha kupigwa picha, haiongezeki wala haipungui. Na Kiswahili, chenye kupachika nafsi, wakati na mtendwa katika kitenzi kimoja kirefu, mara huingia sawasawa na mara hufurika. Mfasiri wa kazi hiyo hafanyi kazi ya kamusi bali ya mizani, kama mshairi: apima silabi, atupa neno zuri kwa sababu ni refu, atafuta jingine linaloishia kwa irabu itakayofanana na mdomo uliofunguka. Hapo sebule ilisaidia tena, maana ugomvi wa mke na mama mkwe husikika wazi hata anayesema akiwa amegeuka mgongo, na mgongo hauna midomo.

Yu tofauti kabisa mfasiri wa banda la video. Huyu, aisimuliaye filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji, hafichi uwepo wake. Rwanda kazi hiyo huitwa agasobanuye, na aliyeitia umaarufu ni Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Na kwa kuwa Kinyarwanda na Kirundi husikilizana, sauti za wafasiri wa Kigali hazina haja ya mkalimani wa pili zifikapo kwa Warundi. Chumba chenyewe wasomaji wengi wakijua: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, televisheni juu ya meza, spika mbili kubwa kuliko meza yenyewe; na ukubwa wa spika kupita kioo si bahati, ni maarifa ya mwenye banda kuhusu kinachouzwa.

Angalia mfasiri afanyavyo. Sauti ya filamu huteremshwa kila anenapo, hupandishwa wakati wa risasi na nyimbo, ambavyo havihitaji tafsiri. Wahusika huwapa majina ya karibu, stelingi akajulikana dakika ya kwanza na adui ya pili. Huwa haigizi kila mtu kwa sauti yake. Mara ni mhusika, mara ni mtambaji, mara ni mtazamaji mwenzetu amwonyaye stelingi asigeuke nyuma. Na jambo la nne: hueleza kabla ya tukio, wala si baada yake, ili jicho lifikapo likute kazi ya kuthibitisha tu. Msomi wa filamu atalia kwamba amevunja taharuki. Mimi naona ameihamisha: hatuulizi tena litakalotokea, twauliza litatokeaje.

Mambo haya yana mpaka, na mpaka nauona katika *Na Wewe*, filamu fupi ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt ya mwaka 2010, ya dakika kama 19, iliyofika katika orodha ya mwisho ya tuzo za Oscar mwaka 2011. Ni Burundi, mwaka 1994. Waasi wasimamisha basi dogo barabarani na kuwaamuru abiria wajigawe, Wahutu huku na Watutsi huku. Mmoja mmoja huanza kutoa nasaba yake, na hakuna nasaba itoshayo katika safu mbili: huyu ni mchanganyiko, huyu si wa nchi hii. Wenye bunduki hutazama nyuso, na nyuso haziwajibu. Ni hoja ile ile ya redio isiyo na pua, safari hii mbele ya kamera. Kichekesho kimefichwa ndani ya hofu, na kiungo chake ni kusita: swali laulizwa, abiria asita, bunduki yasogea, jibu latoka likiwa la kipuuzi na la kweli kwa pamoja. Cheko huja mahali ambapo mtu angeona aibu kucheka.

Filamu hii, ikipewa mfasiri wa banda, ataimaliza, tena kwa ustadi wake mwenyewe. Atamtaja abiria kabla hajanena, atatuambia kuwa huyu atawatatiza, ataujaza kila mwanya, kwa kuwa kazi yake imemfundisha kuwa mwanya ni hasara. Kisha sauti yake itachanganywa na ya filamu katika mkondo mmoja na kunakiliwa katika flashi. Na mtazamaji wa Muyinga atakaye kusikia jinsi yule abiria alivyositasita hataweza kuitenga sauti moja na nyingine, kwa maana kitufe cha mwenye banda huzipandisha na kuzishusha zote pamoja.