Kitabu Kimoja kwa Wote? Mazoezi ya Kiingereza ya Mchina na Darasa la Hai Jalaba

Utangulizi

Vitabu vingi vya mazoezi ya Kiingereza, viwe vinauzwa Beijing, Dar es Salaam au Juba, vina sehemu tatu: sarufi, msamiati na ufahamu. Mwanafunzi hujaza nafasi zilizoachwa wazi, huoanisha maneno na maana zake, kisha husoma kifungu na kujibu maswali. Makala haya yanahakiki mtindo huo. Hoja yetu ni kwamba zoezi lililotungwa bila kumfikiria mwanafunzi wa lugha fulani humfundisha anachokijua tayari na kumwacha pale anapokwama. Ili kuonyesha hivyo tumechagua mifano miwili iliyo mbali kijiografia: mzungumzaji wa Kichina, na mwanafunzi wa Hai Jalaba, mtaa mkongwe wa katikati ya Juba.

Jina la mtaa huo lina historia ndani yake. "Hai" ni mtaa kwa Kiarabu, na "jalaba" ni wafanyabiashara waliotoka kaskazini ya Sudan. Lugha inayosikika sana madukani ni Kiarabu cha Juba. Hata hivyo, tangu uhuru wa mwaka 2011, lugha rasmi ya nchi ni Kiingereza. Kabla ya hapo sera iligeuka mara kadhaa. Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956 shule za kusini zilisukumwa kuelekea Kiarabu. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 ukakipa Kiingereza nafasi ya lugha kuu ya Mkoa wa Kusini. Mkataba wa amani wa 2005 ukaziweka lugha hizo mbili pamoja. Kila sera ilipogeuka, kuna watu waliojikuta na cheti cha lugha isiyohitajika tena. Mwalimu aliyesomea Khartoum kwa Kiarabu aliamka mwaka 2011 akitakiwa kufundisha kwa Kiingereza. Kwa mtu huyo kitabu cha mazoezi ni suala la ajira.

Alexander nchini China

Mfano wa Kichina unatufaa kwa sababu walimu wa China wana uzoefu mrefu wa kupokea kitabu cha kigeni na kukifanya chao. Kitabu mashuhuri zaidi ni New Concept English cha L. G. Alexander, kilichotolewa London mwaka 1967 katika juzuu nne. Hakikuandikwa kwa ajili ya Wachina. Somo la kwanza la juzuu ya pili linampeleka msomaji kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, mahali ambapo wasomaji wengi wa vijijini China hawakuwahi kufika. Hata hivyo vizazi kadhaa vya Wachina vimekisoma, na mwaka 1997 likatolewa toleo lililoandaliwa kwa ajili yao, He Qixin akiwa mwandishi mwenza, likiwa na maelezo ya Kichina.

Ubora wa kitabu hiki ni kwamba kila somo la juzuu ya pili lina kisa kifupi chenye mwisho wa kuchekesha au wa kushtua, na mwanafunzi husoma ili ajue kilichotokea. Majibu ya maswali yake, yakiunganishwa kwa mpangilio, huwa muhtasari wa kisa. Kwa hiyo ufahamu unazaa utungaji. Udhaifu wake ni kwamba mpangilio wa sarufi unatoka ndani ya Kiingereza chenyewe, si katika matatizo ya msomaji. Pengo hilo ndilo maelezo ya Kichina yalikuja kuliziba.

Mwaka huohuo wa 1967 Pit Corder alichapisha makala yake maarufu akidai kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazojijengea. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1957, Robert Lado alikuwa ametetea uchanganuzi linganishi: ilinganishe lugha ya mwanafunzi na ile anayojifunza, nawe utajua atakapopata taabu. Nadharia ya Lado imekosolewa, kwani si kila tofauti huleta kosa. Lakini kwa mwalimu anayetunga zoezi, kulinganisha bado ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sarufi

Tuanze na mfano ambao kila mwalimu wa Kiingereza wa Afrika Mashariki anaujua. Kichina sanifu kinatamka "tā" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ni maandishi tu ndiyo yanayotofautisha. Mchina hodari akizungumza kwa haraka humwita mama yake "he". Kiswahili nacho kina "yeye" mmoja, na Kiarabu cha Juba, tofauti na Kiarabu cha Khartoum, kina "uo" mmoja. Hapa Mchina, Mswahili na mkazi wa Hai Jalaba wanakaa benchi moja, na zoezi la "he" na "she" linawafaa wote watatu.

Vivyo hivyo kuhusu "a" na "the". Kichina hakina maneno ya namna hiyo, wala Kiswahili. Kiarabu cha Juba husema "rajil de", yaani mtu huyu au yule mtu tunayemjua, kikitumia kionyeshi baada ya nomino. Kujaza nafasi hamsini kwa kubahatisha kati ya "a" na "the" hakumsaidii yeyote kati yao. Kitakachosaidia ni kifungu ambamo kitu kinatajwa mara ya kwanza, kisha kinarudiwa, ili mwanafunzi aone kwa nini neno limebadilika.

Upo pia muundo wa "although". Kichina huanza na "suīrán" na kuitikia kwa "dànshì". Ndiyo maana Wachina wengi huandika "although" na "but" katika sentensi moja. Sisi husema, "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," na wanafunzi wetu hufanya kosa lilelile. Kadhalika swali la kukanusha. Ukimwuliza Mswahili, "Hukuja jana?" atajibu, "Ndiyo, sikuja." Mchina naye hukubaliana kwanza na kauli ya muulizaji. Kiingereza hutaka "no". Kosa hili linaweza kumponza mtu kwenye usaili wa kazi au mbele ya daktari, lakini ni nadra kuliona likifanyiwa mazoezi.

Njia zinaachana kwenye wingi na njeo. Kichina husema vitabu vitatu kwa "sān běn shū": namba, neno la kupimia, kisha nomino isiyobadilika. Mchina anahitaji mazoezi mengi ya wingi. Mswahili, aliyezoea kitabu na vitabu, anahitaji machache. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa njeo, na kiambishi "le" huonyesha kwamba tendo limetimia, liwe la jana au la kesho. Kiarabu cha Juba kina "gi" na "bi" kabla ya kitenzi: "ana gi rua" ni ninakwenda, "ana bi rua" ni nitakwenda. Tatizo ni kwamba "gi" hubeba tendo linaloendelea na tendo la mazoea kwa pamoja, kama ilivyo "-na-" yetu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Hai Jalaba hahitaji kufundishwa kwamba wakati uliopo na ujao ni tofauti. Anahitaji kufundishwa tofauti ya "I go" na "I am going". Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya Mchina kitampotezea muda.

Msamiati

Zoezi la kuoanisha neno na maana yake lina dosari moja kubwa: linachukulia kwamba kila lugha imekata ulimwengu vipande vilevile. Kichina "jiè" ni kuazima na pia kuazimisha. Kiswahili nacho husema, "Nimeazima kitabu chake," na, "Niazime kitabu chako," kwa kitenzi kilekile. Kiingereza kina "borrow" na "lend". Mchina na Mswahili wote huomba, "Borrow me your book."

Mfano mwingine ni kitenzi cha kupiga. Kichina "dǎ" ni kupiga, na Wachina husema "dǎ diànhuà", kupiga simu, na "dǎzì", kupiga chapa. Mwanafunzi wetu anayepiga simu, picha, pasi na mswaki angeelewana na Mchina kabla ya kuelewana na Mwingereza. "Dúshū" ni kusoma kitabu na pia kuwa masomoni, sawasawa na kusoma kwetu, ambako Kiingereza hutenganisha "read" na "study". Kwa hiyo orodha za maneno ziandaliwe kwa jozi ambazo lugha ya mwanafunzi haizitenganishi. Jozi mbili kama hizo zina manufaa kuliko maneno ishirini yaliyokusanywa chini ya mada ya "sokoni".

Ufahamu

Sehemu ya ufahamu ndiyo inayodanganya zaidi. Hebu tazama sentensi hii ya kubuni: "Mibweku mitatu ilisapuka kando ya tuzale." Swali: mibweku mingapi ilisapuka? Jibu: mitatu. Ilisapuka wapi? Kando ya tuzale. Msomaji amepata alama zote bila kuelewa lolote. Maswali mengi ya vitabu vya mazoezi ni ya aina hii. Yanapima uwezo wa kunakili. Mtihani ukiuliza vivyo hivyo, mwanafunzi atafaulu darasani na kushindwa kusoma barua ya ofisi inayohusu kiwanja chake.

Hata hapa lugha ya kwanza ina nafasi yake. Kichina hutanguliza maelezo yote kabla ya nomino: "zuótiān lái de rén" ni, neno kwa neno, jana kuja "de" mtu. Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu cha Juba huweka maelezo baada ya nomino: mtu aliyekuja jana. Mchina hupotea katika sentensi ndefu ya Kiingereza kwa sababu anasubiri nomino ambayo imeshapita, na walimu wake hufanya vizuri kutumia muda mwingi hapo. Mwanafunzi wa Juba hana shida hiyo kwa kiwango hicho. Kizuizi chake kikubwa ni kifungu chenyewe, kinapozungumzia ulimwengu asioujua, huku akijua mengi kuhusu mto, soko, ng'ombe, kodi ya nyumba na safari ya kurudi kutoka ukimbizini.

Funzo kwetu

Uhusiano wa China na Juba katika jambo hili si wa kinadharia tu. Mradi wa ushirikiano wa elimu kati ya nchi hizo mbili, ulioanza katika miaka ya 2010, uliihusisha kampuni ya uchapishaji ya mkoani Hunan katika kutayarisha vitabu vya shule za msingi za Sudan Kusini, vikiwemo vya Kiingereza. Vitabu vingine hutoka Uganda na Kenya. Swali la kuviuliza vyote ni moja: mtunzi alikuwa akimfikiria mwanafunzi wa lugha gani?

Swali hilo linatuhusu pia sisi walimu wa Kiswahili. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na haja ya kufundisha Kiswahili huko ipo. Wapo wakazi wa Juba waliojifunza Kiswahili ukimbizini Kenya au Uganda, na wapo wasiokijua kabisa. Tukipeleka vitabu vilivyoandikwa kwa Wamarekani, vinavyoeleza kwa kurasa kadhaa maneno kama kitabu na soko, tutakuwa tumefanya kosa tunalolihakiki. Mzungumzaji wa Kiarabu cha Juba anayo tayari "kitab" na "suk". Asichokitazamia ni kwamba "ki-" ya kitabu itageuka kuwa "vi-", na kwamba kitenzi na kivumishi vitaifuata. Mazoezi yaanzie hapo.

Hitimisho

Kila mlango kwa ufunguo wake. Tunapendekeza kwamba mwalimu, kabla ya kunakili zoezi ubaoni, akusanye maandishi ya wanafunzi wake, hata ukurasa mmoja kwa kila mmoja, na kuyapanga makosa kwa aina. Makosa kumi yanayojirudia yatamwonyesha masomo kumi ya kufundisha. Wanafunzi wa shahada wanaotafuta mada za tasnifu nao wamo katika wito huu: ulinganishi wa Kiswahili na Kiarabu cha Juba, ulioandikwa kwa ajili ya mwalimu wa darasani, ungesomwa.